Mwamuzi wa Kikapu Humtazama Mlinzi

Nilipoanza kuchezesha mechi za mpira wa kikapu za mtaani hapa Dar es Salaam, macho yangu yaliufuata mpira kila ulikokwenda, kama yalivyozoea nilipokuwa nikikaa jukwaani. Baada ya mechi ya pili, mwamuzi mwenzangu aliyeanza kushika filimbi kabla sijazaliwa aliniita pembeni akaniambia, "Mdogo wangu, mpira haufanyi faulo. Mtazame mlinzi." Ilinibidi nizisome upya kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu.

Mashabiki wengi huamini kwamba mlinzi aliyesimama tuli hana kosa na anayesogea ndiye mkosaji. Kanuni haisemi hivyo. Mlinzi anatakiwa awe amemkabili mpinzani wake huku miguu yake yote miwili ikigusa sakafu. Akishaipata nafasi hiyo, anaruhusiwa kusogea pembeni au kurudi nyuma ili abaki mbele ya mshambuliaji, na anaruhusiwa pia kuruka wima, mikono ikiwa imenyooshwa juu bila kutoka katika silinda ya kufikirika inayomzunguka. Mshambuliaji akimgonga kifuani hapo, faulo ni ya mshambuliaji. Mambo hubadilika mara tu mwenye mpira anapoiacha sakafu, kwa kuwa aliyeruka ana haki ya kutua mahali palipokuwa wazi wakati anaruka, na mlinzi anayejipenyeza njiani baada ya hapo amechelewa. Swali la msingi, basi, ni nani aliyewahi kufika, na aliyekuwa akitazama mpira hawezi kulijibu.

Chini ya kikapu kuna nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 1.25. Mlinzi aliyesimama humo hawezi kujipatia faulo ya mshambuliaji kwa kugongwa tu na mtu aliye hewani, isipokuwa mshambuliaji huyo awe ametumia mikono, miguu au mwili isivyo halali. Kwa hiyo ndani ya sekunde moja natakiwa nione miguu ya mlinzi iko wapi, mshambuliaji ameruka lini, na mgusano umetokea kifuani au begani.

Kelele za "ametembea!", yaani amepiga hatua nyingi mno na mpira mkononi bila kuudunda, nazo nyingi hazina msingi tangu mwaka 2017, FIBA ilipoeleza kwamba mchezaji anayeudaka mpira akiwa katika mwendo, au anayemaliza kuudunda, hahesabiwi hatua ya mguu uliokuwa sakafuni wakati anaumiliki mpira. Hatua mbili huanza kuhesabiwa baada ya hapo.

Kosa linaloniuma hadi leo nililifanya nikiwa kwenye mstari wa mwisho, nyuma kabisa ya mgongo wa mshambuliaji, dakika ya mwisho ya mchezo. Niliona mikono ikipanda, nikasikia kishindo, nikapuliza filimbi na kumpa faulo ya tano, ile inayomtoa mchezaji mchezoni, mlinzi ambaye, kama mwenzangu alivyoona vizuri kutoka upande wa pili, alikuwa ameruka wima na kuugusa mpira pekee. Nilikisia. Miili miwili ilikuwa imepangana mbele yangu, na sikuwa na upenyo wa kuona kati yake.

Siku hizi, mpira unapoingia upande wangu, kabla ya jambo lolote nasogea hatua moja au mbili kando ya mstari ule hadi nione mwanga kati ya mlinzi na mshambuliaji, na nisipouona, filimbi hubaki kimya.