Futi 7 tu, jamani!

Jana nilishuka Gas Street hapa Birmingham, mvua ikinyunya, nikasema nitembee kidogo kando ya mfereji kabla ya kurudi nyumbani. Kidogo hicho kikawa masaa mawili, soksi zimelowa chapachapa.

Chini ya daraja moja nilipitisha kidole kwenye chuma cha pembeni. Kina michirizi mirefu, mingine kidole kinazama. Kumbe ni kamba! Njia hii ya wenye mbwa na baiskeli ilikuwa ya farasi waliovuta mashua za makaa ya mawe. Mfereji wenyewe, kazi ya mhandisi James Brindley, ulifika mjini 1769. Kamba mbichi iliyojaa mchanga, miaka nenda miaka rudi, ikakila chuma.

Kilichonichekesha ni Worcester Bar, si baa ya pombe bali kizuizi cha mfereji. Mifereji miwili ya kampuni mbili inatazamana, lakini moja inaogopa mwenzake atainywea maji. Basi wakaacha kizuizi cha futi 7 katikati, mizigo ikabebwa kwa mikono kutoka mashua hii hadi ile, mpaka 1815 walipofungua lango. Wanaogombania bomba mtaani kwetu wana afadhali.