Nilivyohamisha vitabu vyetu kwenda Koha

Mwalimu mmoja alikuja dawatini kuuliza kama tuna kitabu cha ufugaji wa ng'ombe. Nikatafuta kwenye kompyuta, nikapata sifuri. "Dada, mbona hiki hapa?" akaniambia. Alikuwa amekitoa rafuni mwenyewe.

Hiyo ilikuwa wiki ya pili tangu maktaba ya chuo chetu hapa Kisumu ihamie Koha, programu huria ya kusimamia kazi za maktaba, iliyoanzia New Zealand, ikaanza kutumika huko Januari 2000. Programu yetu ya awali tulikuwa tunailipia. Waliotuuzia walipoacha kuihudumia, tuliambulia jedwali tu: mistari 6,200, mwandishi na jina la kitabu vimebanwa safu moja. Miezi mitatu nilibaki jioni nikivitenganisha, mwandishi uga wa 100, jina la kitabu uga wa 245, kisha nikageuza kila kitu kuwa rekodi za MARC, muundo ambao kompyuta za maktaba husoma, kila taarifa ya kitabu kwenye uga wake wenye namba. Nilitumia programu ya MarcEdit, ambayo ni ya bure.

Sasa huyu ng'ombe. Nilipomtafuta kwa jina la mwandishi, akatokea, ila palipokuwa na ritifaa, ile alama ya juu kwenye ng', pamejaa herufi za ajabu. Kila rekodi ya MARC hutanguliwa na alama 24, na ukihesabu kuanzia sifuri, ile ya 9 huonyesha mfumo wa herufi. Yangu ilikuwa wazi, kwa hiyo rekodi zikasomwa kwa mfumo wa zamani. Nikaweka "a", yaani Unikodi, mfumo wa sasa wa herufi za lugha zote, nikanyoosha ritifaa zote zilizopinda, nikapakia upya. Ng'ombe akarudi, na vitabu vyetu vya Kidholuo vyenye ng' pia.

Baadaye, kwenye mkutano wa wakutubi Nakuru, vijana walisema MARC ni ya miaka ya 1960, tuiache, vipengele 15 vya Dublin Core, muundo mwingine ulio rahisi zaidi, vinatosha. Kwa picha na tasnifu za wanafunzi nakubaliana nao kabisa. Kwa vitabu, hapana. Niliwasimulia habari ya jedwali langu, nikawauliza: siku mkitaka kuhama, mtatoka na nini mkononi? Hata BIBFRAME, muundo mpya ambao Library of Congress, maktaba kuu ya Marekani, inauandaa uchukue nafasi ya MARC, una njia ya kugeuza rekodi za MARC. Jedwali lililobanwa halina wa kuligeuza ila wewe na macho yako.

Mkutubi mmoja wa Kakamega alinifuata wakati wa chai. Mwezi uliofuata alikuja Kisumu na flashi yake. Tukaifungua: mwandishi na jina la kitabu, safu moja. Nikamsogezea kiti, tukaanza na mstari wa kwanza.