Gari lililototoa

Chaplin nimemtazama mpaka nacheka kabla hajateleza. Ni mazoea tu, mwili unajua pa kuchekea. Ndiyo maana siku hizi nawatafuta wachekeshaji wa filamu bubu ambao hakuna anayewataja, na jana usiku ikawa zamu ya Charley Bowers, Mmarekani.

Filamu ni Egged On, ya 1926. Bowers ni jamaa anayehangaika kuunda mashine ya kuyafanya mayai yasivunjike. Katika pilikapilika zake mayai yanawekwa kwenye injini ya gari, na joto linayaatamia. Sasa yanapasuka. Hakitoki kifaranga! Kinatoka kidude cheusi, kinajinyoosha, kinapata magurudumu, kinakuwa Ford ndogo kabisa. Kikifuatiwa na kingine, na kingine. Vinazurura kidogo, halafu vyote vinakimbilia uvunguni mwa gari kubwa, kwa mama yao. Bowers alianzia kwenye katuni za Mutt na Jeff, kwa hiyo alijua kusogeza kitu kidogo, kupiga picha, kukisogeza tena. Nilikirudia kipande hicho nikitafuta pa kumkamata. Wapi!

“Baba Neema, unacheka na nani saa hizi?” Nikamjibu mke wangu kwamba gari limetotoa. Alinitazama, akaenda zake kulala.

Niseme ukweli, kwa kuigiza Bowers hamfikii hata kidogo Buster Keaton, nguli mwingine wa filamu bubu. Uso wake mkavu, miguu haina maajabu. Utamu uko kwenye kichwa chake, na kwamba hakuna aliyenitayarisha. Sijawahi kuona kipande hicho kwenye fulana wala kwenye tangazo la biashara.

Alifariki 1946, akasahaulika. Miaka ya 1960, Raymond Borde wa hifadhi ya filamu ya Toulouse, Ufaransa, alikuta makopo yameandikwa “Bricolo”, jina walilompa Wafaransa, ikabidi kwanza itafutwe huyo Bricolo ni nani. Tuna bahati makopo yalikuwepo. Tepe za zamani za filamu, zilizotengenezwa kwa kemikali ya naitreti, zinashika moto upesi, na mwaka 1948 kampuni ya filamu ya Universal waliziharibu filamu zao bubu wenyewe, wapate madini ya fedha yaliyomo. Vichekesho vya watu vikageuzwa chakavu! Hats Off ya wachekeshaji wawili Laurel na Hardy, ya 1927, mpaka leo haijaonekana.

Leo usiku ni Now You Tell One: chama cha waongo wanaoshindana kudanganya, na panya anayemtolea paka bastola.