Mishahara 24: hesabu ya mama anayefanya kazi ya nyumbani Qatar

Mama wa Kenya akienda Doha, mji mkuu wa Qatar, kufanya kazi za nyumbani, watu wa kwao huhesabu miaka miwili. Afadhali ahesabu mishahara 24, kwa sababu mkataba wa kawaida hauna mingine. Kuna nyumba ambazo mishahara hiyo 24 imezitoa kwenye njaa na kufukuzwa shule, na kuna nyumba ambazo mama alirudi akakuta deni liko palepale. Wote walichoka sawa. Tofauti kubwa huwa mpango wa pesa, na mpango huo huanza kabla ya mshahara wa kwanza.

Tangu Machi 2021 kima cha chini Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, na wafanyakazi wa nyumbani wamo. Chakula na mahali pa kulala ni jukumu la mwajiri. Riyali imefungwa kwenye dola kwa 3.64, kwa hiyo kinachopanda na kushuka ni shilingi yetu. Hapa nitapiga hesabu kwa shilingi 35 za Kenya kwa riyali moja. Wewe weka bei ya siku yako.

Sheria namba 15 ya Qatar ya mwaka 2017, ya wafanyakazi wa nyumbani, inataka mshahara ulipwe mwisho wa mwezi, usipite tarehe 3 ya mwezi unaofuata. Ukilipwa mkononi utatakiwa kutia sahihi. Hesabu noti kwanza, kisha utie sahihi, na upige picha karatasi hiyo. Ukiambiwa "nakuwekea zote, utachukua ukienda kwenu", kataa kwa heshima lakini kataa. Mshahara uliowekwa na madam miezi minane ni mgumu kudaiwa, na huku mtoto wako ameshakosa mihula miwili. Vilevile sheria inakataza kukukata mshahara kufidia gharama za ofisi iliyokuleta.

Sasa deni. Mama wengi husafiri kwa pesa za kukopa: vipimo vya afya, pasipoti, nauli za kwenda na kurudi Nairobi, na matumizi aliyoacha nyumbani. Chukua deni la shilingi 60,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Ukilipa riba tu kila mwezi, baada ya mishahara 24 utakuwa umetoa 144,000 na bado unadaiwa zile 60,000. Ukipunguza deni lenyewe kwa 20,000 kila mwezi pamoja na riba ya kinachobaki, unatoa 26,000, kisha 24,000, kisha 22,000, na mwezi wa tatu umemaliza. Miezi hiyo mitatu nyumbani watapata kidogo sana, elfu tano hadi tisa. Lazima waambiwe kabla hujaondoka, na mtoto mkubwa asikie kwa masikio yake, ili asidhani mama amewasahau.

Tuma mara moja kwa mwezi. Ada ya kutuma ikiwa riyali 15, kutuma mara mbili kunakula riyali 360 za ziada katika miaka miwili, zaidi ya theluthi ya mshahara mmoja. Na usiangalie ada peke yake: duka la fedha linaweza kutoza ada ndogo likakupunja kwenye bei ya kubadilisha. Uliza swali moja kila mahali: nikileta riyali 900, ni shilingi ngapi zitaingia M-Pesa?

Ukijibakizia riyali 100 za bando, sabuni na pedi, ukatoa na ada, zinafika nyumbani kama 31,000. Baada ya deni kuisha, mgawo unaobeba nyumba ya watoto watatu wenye bibi mlezi unaweza kuwa hivi: 9,000 za chakula na za bibi mwenyewe, 6,500 za karo, 10,000 za Sacco (chama cha akiba na mikopo), 3,000 za dharura, 300 za bima ya afya, 750 za NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni). Inabaki 1,450, nayo iachwe, maana bei ya kubadilisha itashuka mwezi mmoja au mwingine. Bibi alipwe. Anaamka saa kumi na moja kuwaandaa watoto wa shule, na hiyo ni kazi. Asiyelipwa huanza kuchukua kwenye pesa ya unga, na hapo ugomvi haukwepeki.

Karo ndiyo inayowashangaza wengi, kwa sababu haigawanyiki sawa. Mwongozo wa Wizara ya Elimu kwa shule za bweni za kitaifa ulikuwa 53,554 kwa mwaka, na hulipwa kwa mgawo wa asilimia 50, 30 na 20. Maana yake Januari peke yake inadai 26,777, na kwa mtoto anayeanza ongeza godoro, sanduku, sare na viatu. Hakuna mshahara wa Desemba utakaobeba mzigo huo. Ndiyo sababu zile 6,500 zinawekwa kila mwezi hata shule zikiwa zimefungwa: miezi minne, Septemba hadi Desemba, inakupa 26,000. Lipa mwenyewe kupitia paybill au akaunti ya benki ya shule, ukiandika namba ya usajili ya mtoto, kisha uombe risiti ya shule. Karo iliyopitia mkononi mwa mjomba mara nyingi hufika nusu, wala si lazima mjomba awe mwizi. Alikuwa na mgonjwa, akasema atarudisha.

Ugonjwa ndio unaobomoa mipango yote hii. Mchango wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ni asilimia 2.75 ya kipato cha kaya, usiopungua 300 kwa mwezi, na asiye na mwajiri Kenya hulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa hiyo zile 300 zinakusanywa hadi zifike 3,600 au kiwango ulichopangiwa. Usajili unafanyika kwa *147#. Hakikisha watoto wameandikwa kama wategemezi. Wewe ukiwa nje, kitambulisho cha mlezi kikikataliwa hospitalini, mtoto atalazwa na wewe utaombwa pesa taslimu usiku wa manane.

Kuhusu Sacco, chagua iliyo na leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco. Orodha yao iko wazi, isome mwenyewe. Mishahara 21 iliyobaki kwa 10,000 ni shilingi 210,000, na Sacco nyingi zitakukopesha hadi mara tatu ya akiba, yaani 630,000. Mimi nasema usikope zote. Mkopo ule unalipwa kwa mshahara wa Doha, na mkataba ukiisha mshahara umeisha.

Basi mama ataanzisha nini nyumbani? Wengi husema ng'ombe wa gredi, na ni wazo zuri likifanywa kwa mpangilio wake. Kosa la kawaida ni kununua ng'ombe kwanza. Ng'ombe wa maziwa anakula kilo 60 hadi 70 za majani mabichi kwa siku, na anakunywa maji ya kujaza mitungi mitatu ya lita 20 au zaidi. Kwa hiyo panda nyasi za napier miezi minne kabla, kama ekari moja kwa ng'ombe mmoja kwa wakulima wanaotegemea mvua, na tangi la maji litangulie. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 linakusanya karibu lita 800 ukitoa zinazopotea. Bila mifereji mizuri, tangi ni pambo. Kisha awepo mtu anayejulikana wa kupulizia dawa ya kupe kila wiki, kwa sababu ndigana kali humuua ng'ombe wa gredi kwa siku chache tu. Ng'ombe aliyenunuliwa kwa pesa ya Ghuba akalishwa mabua makavu hutoa lita nne, na familia inasema biashara ya maziwa hailipi. Inalipa, ila si kwa lita nne.

Ukinunua shamba, usitume pesa kwa picha ya WhatsApp. Fanya utafutaji rasmi wa hati kwenye mfumo wa ardhi wa serikali, mpimaji akaonyeshe mawe ya mipaka, na kwa ardhi ya kilimo ridhaa ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano, la sivyo mauzo hayana nguvu. Hati iandikwe jina lako. Anayekwenda kwa niaba yako awe na idhini ya kisheria iliyotiwa sahihi mbele ya ubalozi na kusajiliwa Kenya, tena iwe ya shamba hilo tu.

Mwezi wa 20, anza kuzungumza na mwajiri: unarefusha au unarudi. Sheria ileile inakupa likizo ya wiki tatu yenye malipo kwa kila mwaka, tiketi ya kwenda na kurudi kila miaka miwili, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa wiki tatu kwa kila mwaka. Kwa mshahara wa 1,000 hiyo ni riyali 700 kwa mwaka, 1,400 kwa miwili, karibu shilingi 49,000. Wengi huondoka bila kuidai kwa sababu hakuna aliyewaambia. Idai kabla ya siku ya uwanja wa ndege, ukiwa na nakala ya mkataba na zile picha za risiti za mshahara. Ikikataliwa, peleka malalamiko Wizara ya Kazi ya Qatar ukiwa bado huko. Shilingi hizo 49,000 zinalipa muhula wa kwanza na wa pili wa shule ya bweni ya kitaifa.