Hardtop ilikuwa inatetemesha stelingi, kumbe ni beringi za kingipini

Jamani hii Hardtop yangu (Land Cruiser) ya 1994 imenitesa miezi miwili, ukifika 70 ukapita kishimo kidogo tu stelingi inaanza kucheza kulia kushoto kwa nguvu mpaka mikono inauma, haitulii mpaka upunguze mwendo kabisa. Nikafanya wilbalansi, nikabadilisha shokapu ya stelingi, ikatulia wiki moja ikarudi vilevile, kumbe shokapu ilikuwa inaficha tu ugonjwa.

Jumamosi nikaipiga jeki mwenyewe, nikashika tairi la kushoto juu na chini nikalitikisa, lina plei, yaani linachezacheza. Nikamwambia mdogo wangu akanyage breki nitikise tena, na hapa ndo penyewe: plei ikiisha ujue ni beringi za hab (kitovu cha tairi), ikibaki angalia za kingipini, yaani pini ambazo tairi la mbele linageukia ukikata stelingi. Yangu ikabaki. Kufungua, beringi ya chini imekauka, grisi imegeuka tope la kutu, kikombe chake, ile ringi ya nje, kina mistari iliyochimbwa na roli za beringi, unaisikia ukipitisha ukucha.

Nimeweka beringi mpya pande zote mbili, sili na grisi mpya, zile shimu nyembamba (vibati vya kujazia nafasi) nikazirudisha kila moja mahali pake maana ndo zinazoshika ule mkazo wa beringi. Jana nimeenda nayo Morogoro hadi Gairo, stelingi imetulia tuli.