Otto Octavius na mkanda wake wa kiunoni

Nimekuwa nikimsoma tena Doctor Octopus, yaani Otto Octavius, adui wa Spider-Man katika vitabu vya katuni vya Marvel, tangu mwanzo, toleo kwa toleo, na safari hii macho yangu hayakwenda usoni kwake wala kwenye mikono yake minne ya chuma. Yalikwenda kiunoni, pale mkanda wa chuma ulipoganda mwilini. Kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoona kwamba karibu kila kipigo anachopata kinaanzia hapo, mashine inapokutana na nyama. Wachoraji na waandishi wake wazuri ni wale waliokumbuka kuwa katikati ya mikono ile minne kuna mtu mnene wa makamo, mwenye macho mabovu, asiye na nguvu za ajabu hata chembe.

Alitokea mara ya kwanza katika The Amazing Spider-Man namba 3, Julai 1963, mikononi mwa mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko. Ni mwanafizikia wa nyuklia katika kituo cha utafiti wa atomiki, aliyejitengenezea mikono ya chuma ili ashike vitu vyenye mionzi bila kuvisogelea. Wenzake wanamwita Doctor Octopus kabla hata ya ajali, kwa dhihaka. Kisha unatokea mlipuko, anakimbizwa hospitali, na madaktari wanakuta kifaa hakitoki tena mwilini na ubongo una dalili za kudhurika.

Wazo hilo halikudondoka mbinguni. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika maabara ya Argonne kule Illinois, mhandisi Raymond Goertz alitengeneza mikono ya kushikia vitu vya nyuklia. Mtu anasimama upande huu wa ukuta mnene wa kinga, anasogeza vishikio, na upande wa pili makoleo ya chuma yanaiga kila anachofanya. Baadaye viunganishi vya chuma vilibadilishwa kwa umeme na mota. Octavius alifanya jambo moja ambalo mkaguzi yeyote wa usalama angelikataa siku hiyo hiyo: aliuondoa ukuta, akaivaa mashine.

Kwa kazi ya kila siku, umbali peke yake unasaidia sana. Mionzi inayotoka kwenye kipande kidogo hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Ukikisogeza kipande kutoka nusu mita hadi mita 6, umekiweka mbali mara 12, na kinachokufikia ni sehemu moja ya 144. Kwa hiyo hakuwa mjinga. Ila hesabu hiyo inahusu kipande kilichotulia mezani. Kitu kikilipuka, umbali mdogo kama huo hautoshi tena, na aliyevaa kifaa hana cha kujificha nyuma yake. Ndiyo maana naiona ajali ile kuwa yake kihalali. Haikuletwa na adui wala umeme wa radi. Ilitokana na mtu aliyeamini kwamba ustadi wake unatosha kuwa kinga.

Vipimo tunavipata kwenye vitabu vya wasifu wa wahusika ambavyo Marvel yenyewe imekuwa ikivichapisha. Kila mkono ukijikunja una kama futi 6, ukinyooka unafika kama futi 24, yaani zaidi ya mita 7. Mwishoni kuna koleo la vidole vitatu. Kasi yake inafika futi 90 kwa sekunde. Mwenyewe ana urefu wa futi 5 na inchi 9 na uzito wa ratili 245, takriban kilo 111.

Hapo sasa fizikia inaanza kudai haki yake. Ndoo ya maji ukiikumbatia kifuani ni nyepesi. Inyooshee mkono mbele uone bega litakavyolia. Kilo 100 zilizoshikwa mita 7 kutoka kiunoni zinaupinda mkanda sawa na kilo 700 zilizoning'inizwa mita moja mbele yako, na hapo sijahesabu uzito wa mkono wenyewe. Mtu wa kilo 111 anayesimama kwa miguu yake angepinduka kifudifudi kabla mzigo haujanyanyuka sentimita moja. Njia ya kulikwepa hilo ni mikono mingine kushika ardhi au ukuta, ili mzigo upite kutoka mkono mmoja hadi mwingine kupitia mkanda, bila kuugusa uti wa mgongo.

Ditko alilijua hilo, kama si kwa hesabu basi kwa jicho. Angalia mapigano yake: mara nyingi mikono miwili ni miguu, mmoja umeshika kitu, mmoja tu ndio unaopiga. Octavius mwenyewe ananing'inia katikati, miguu yake halisi haigusi chini. Anayetaka kumchora avute kwanza duara la mkanda na kulielekeza kule kiwiliwili kinakoelekea. Kisha aweke mikono miwili ya kusimamia, na nyayo zake azitenganishe kwa upana kuliko mabega. Mkono wa kushika unafuata, na wa kupiga unakuja mwisho. Kila mkono ufuatwe kwa penseli kutoka mkandani hadi kwenye koleo bila kuinua mkono, hata pale unapopita nyuma ya mwili au nje ya fremu. Pete za chuma zinazouzunguka ndizo zinazoonyesha upande: zikibinukia kwako mkono unakuja, zikibinukia kinyume mkono unakwenda. Kuchora pete zilizonyooka ni kosa la kawaida, na mkono wote unageuka utepe. Makosa mengine mawili ninayoyakuta hata kwenye kazi za kulipwa ni mikono inayoota mabegani, na fremu ambayo ukihesabu vizuri unapata mkono wa tano.

Kasi nayo ina mtego. Futi 90 kwa sekunde ni mita 27, karibu kilometa 100 kwa saa. Binadamu anahitaji kama moja ya tano ya sekunde kuona jambo na kuanza kulijibu. Katika muda huo mkono umeshakwenda zaidi ya mita 5. Maana yake mkono unaweza kumaliza sehemu kubwa ya safari kabla mwenye mkono hajapata nafasi ya kubadili nia. Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, anaonywa na hisi yake ya hatari kabla pigo halijaanza. Octavius anasubiri macho yake. Chuma kina kasi ya kutosha, mchelewaji ni yeye.

Basi turudi namba 3 tuone anavyoshindwa. Pambano la kwanza ni aibu: Spider-Man anaingia akijiona hana mpinzani duniani, anabanwa, anazabwa makofi, anatupwa dirishani. Anataka kuacha kazi kabisa mpaka anapomsikia Human Torch, shujaa mwenzake wa moto, akizungumza na wanafunzi shuleni. Anaporudi hajaongeza nguvu hata kidogo. Amechanganya kemikali ya kuunganisha chuma, na kwa hiyo anaigandisha mikono miwili pamoja. Hesabu ya nguzo inaharibika papo hapo: nne zimebaki mbili huru, na mbili ndizo anazohitaji ili asimame. Kisha anarusha utando kwenye miwani. Mikono iliyobaki haijui ipige wapi. Inafuata ngumi moja ya kidevu na pambano limekwisha, kwa sababu kidevu ni cha mtu wa kawaida.

Sijaona hadithi fupi ya mwanasayansi mhalifu iliyofungwa kwa ustadi kuliko hiyo. Kila hatua inagusa kiungo kimoja cha mfumo: nguzo, macho, mwili.

Annual namba 1 ya 1964, toleo maalumu la mwaka, inampa kundi la wahalifu sita, wale Sinister Six, pamoja na Electro, Kraven, Mysterio, Sandman na Vulture. Mpango wenyewe ni mbovu wa kuchekesha: wanakubaliana kupigana na Spider-Man mmoja mmoja, kila mtu mahali pake, kana kwamba wanamsubiri kinyozi. Octavius anachagua kuwa wa mwisho, ndani ya tangi kubwa la maji la kioo. Kwa mtu mwenye jina la pweza inapendeza. Kwa mhandisi ni balaa, maana maji ni mazito kuliko hewa mara 800 na zaidi, na ukinzani hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Silaha yake kuu ilikuwa kasi, naye kaizamisha. Kitu kizuri zaidi humo ni Shangazi May, shangazi yake Peter, aliyetekwa nyara na Octavius na bado akamwona muungwana mwenye adabu. Uhusiano huo ulifika mbali: namba 131, Aprili 1974, nusura Octavius amwoe, kwa sababu May amerithi kisiwa chenye kinu cha nyuklia. Napenda toleo hilo kwa wendawazimu wake, sina zaidi la kusema.

Namba 31 hadi 33, za mwishoni mwa 1965 na mwanzoni mwa 1966, husifiwa kwa kurasa zile ambazo Spider-Man ananyanyua mtambo uliomwangukia huku dawa ya kumwokoa May ikiwa mbele yake, karibu lakini haifikiki. Octavius humo anajiita Master Planner na muda mrefu haonekani. Nadhani ndiyo sababu matoleo hayo yanafaulu. Akiwa nyuma ya mitambo, kiuno chake hakifikiki.

Kisha inakuja mikasa ya 1970, namba 88 hadi 90. Yeye yuko gerezani, mikono imewekwa mahali pengine, naye anaiita kwa fikra tu, inakuja kumtoa. Kwa mara nyingine Peter anatafuta kiungo: safari hii ni njia kati ya ubongo na chuma. Anaivuruga, na inavurugika kweli. Lakini mkono usiotawaliwa haulali. Inapigapiga ovyo juu ya paa, bomba la moshi linabomoka, vifusi vinamwelekea mtoto aliye chini. Kapteni wa polisi George Stacy anamsukuma mtoto, vinamwangukia yeye, anakufa. Mtu yeyote aliyewahi kubuni mashine yenye nguvu anajua swali la kwanza: umeme ukikatika, itasimama au itakwenda? Octavius hakuweka breki ya dharura, na Peter hakuuliza. Wasomaji wengi huitupa lawama yote upande mmoja. Mimi naigawa.

Kuhusu wazimu wake wenyewe nitapita haraka. Mwaka 1993, Spider-Man Unlimited namba 3 ilimpa baba mkatili na mama aliyemng'ang'ania. Si mbaya, lakini maneno ya daktari wa 1963 kuhusu ubongo uliodhurika yananitosha, hasa kwa vile mgonjwa mwenyewe anayachukua kuwa wivu wa watu wadogo.

Miaka mingi baadaye mwandishi Dan Slott alifanya hesabu ambayo wengine waliikwepa. Katika namba 600, mwaka 2009, Octavius anakufa taratibu, na sababu ni rahisi mno: mwili wa kawaida umepigwa ngumi za watu wenye nguvu zisizo za kawaida kwa miaka. Mikono haina hata mchubuko. Kwa hiyo anatafuta kutoka mwilini, na mwishoni mwa 2012, kuanzia namba 698 hadi 700, anabadilishana akili na Peter. Peter anabaki ndani ya mwili unaokufa. Octavius, sasa mwenye mwili wa Spider-Man, anampiga Scorpion, mhalifu mwingine, ngumi moja na taya linang'oka. Anashtuka. Hapo ndipo anapoelewa kwamba miaka yote ile Peter alikuwa akijizuia, na kwamba kidevu chake kilibaki mahali pake kwa hisani ya adui.

Mfululizo uliofuata, Superior Spider-Man, ulianza Januari 2013 na kumalizika namba 31 mwaka 2014. Anajaza jiji roboti za upelelezi, anarudi chuo kukamilisha shahada ya uzamivu kwa jina la Peter, na profesa aliyewahi kuwa mwenzake anamtuhumu kunakili kazi za Otto Octavius. Nilicheka hapo kuliko popote.

Filamu ya 2004, Spider-Man 2, na mwigizaji Alfred Molina akiwa Octavius, ilihamisha kiungo kutoka kiunoni hadi uti wa mgongo, kwa sindano, na kuipa mikono akili yake. Kidude kidogo kisogoni kinaulinda ubongo wa Octavius dhidi ya akili hiyo. Kinaungua, na mikono inaanza kumshawishi. Molina ni mzuri kupindukia. Hata hivyo ubunifu huo unampunguzia hatia, maana kila ubaya una mnong'onezaji. Mikono ya Ditko haikuwa na la kusema. Ilifanya alichotaka mwenyewe.

Olivia Octavius, Doctor Octopus wa kike wa katuni ya 2018, Spider-Man: Into the Spider-Verse, ana mikono laini, inayong'aa kwa ndani, ya aina ya roboti zisizo na mifupa. Tatizo la wenzo, yaani uzito unaovuta kutoka mbali, linapungua kweli, kwa kuwa mkono mwepesi haumvuti mwenyewe kifudifudi. Linabaki swali la chanzo cha nguvu. Mikono ya namna hiyo kwa kawaida huendeshwa kwa hewa au kimiminika chenye shinikizo, na ili ipige kwa kasi ile inahitaji pampu na tangi. Nimeyatafuta mgongoni kwake fremu kwa fremu, sijayaona.