Jumapili usiku, mikeka ikishachanika

Jumapili, saa nne usiku. Mechi nyingi za wikiendi zimeisha, na hii ndiyo saa ambayo mtu anakaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi, akipiga hesabu ya nani wa kumkopa kesho kabla hajaenda kazini. Mkeka wake wa kubeti, ule wa kutabiri matokeo ya timu kadhaa kwa dau moja, umechanika: timu moja ikikosa, dau lote limekwenda. Hela iliyokwenda ilikuwa ya kodi. Ukurasa wa leo nauandika kwa ajili yake, na kwa mkewe au mama yake ambaye bado hajajua.

Nianze na mkeka wenyewe, maana kisa kizima kimejificha ndani yake. Chukua timu 10, kila moja ina odi, yaani kizidisho cha dau, ya 1.50. Zidisha zote, unapata kama 57.7, yaani shilingi 1,000 inaahidi karibu 57,700. Sasa weka makato ya kampuni ya asilimia 5, yaliyofichwa ndani ya odi ya kila mechi. Makato hayo nayo yanazidishana mara 10, na nafasi halisi ya mkeka kutiki, yaani kushinda, inakuwa moja katika 94 hivi. Kwa wastani, kila 1,000 inayowekwa hapo inarudi kama 614. Kila timu unayoongeza ili "odi ipande" inaongeza pia fungu la kampuni.

Kuna hesabu nyingine ninayoiona kuwa ya hatari zaidi. Katika mkeka huohuo, kukosa kwa timu moja tu hutokea karibu mara sita zaidi ya kushinda. Kwa hiyo ile kauli ya kijiweni, "timu moja imenichania," inaeleza jambo la kawaida kabisa. Lakini ubongo unaipokea kama dalili kwamba ulikuwa karibu na kesho utafika. Michezo ya kindege ya kwenye simu, kama Aviator, inafanya vilevile, tena kwa sekunde. Kadiri muda kati ya dau na jibu unavyokuwa mfupi, ndivyo mtu anavyonasa haraka.

Shirika la Afya Duniani linauweka uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa. Wataalamu wana maswali mawili mafupi, yanayotumika tangu 1997. Je, umewahi kuhisi lazima uongeze dau zaidi na zaidi? Je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachobeti? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, nenda ukaongee na mtaalamu. Si hukumu, ila usipuuze.

Watu wengi huanza kwa kuapa. Kiapo cha Jumapili usiku hakifiki Ijumaa ya mshahara, na sababu yake ni nyepesi: hamu ikija, hela iko umbali wa vidole vinne vya namba ya siri. Hamu hupanda, hufika kilele, kisha hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa kama haikulishwa. Kazi ya kwanza ni kuhakikisha nusu saa hiyo haitoshi kuifikia hela.

Mshahara uingie kwenye akaunti ya pamoja yenye sahihi mbili, yako na ya mtu unayemwamini. Laini unayotembea nayo ifungwe huduma ya pesa. Nenda dukani kwa mtandao wako na kitambulisho uombe. Kama umejiunga na huduma za mkopo wa kujazia salio la pesa kwenye simu kama Songesha, lipa deni lake kisha omba kuondolewa kabisa. Usiache "kwa dharura." Huduma hizo humwongezea kiwango anayelipa vizuri, kwa hiyo deni lililolipwa bila kufunga mlango hurudi likiwa kubwa zaidi.

Halafu akaunti za kubeti. Orodhesha zote, pamoja na ile iliyo kwenye laini ya mdogo wako. Kwa kila kampuni, toa salio lililobaki liende kwa yule mtu wako wa kuaminika, kisha andikia huduma kwa wateja uombe kufungiwa moja kwa moja, na utunze jibu lao. Omba pia usitumiwe tena ujumbe wa matangazo. Futa programu, ondoka kwenye magrupu ya Telegram na WhatsApp yanayouza mikeka ya uhakika. Penye kasoro hapa ni pale mtu anapofunga akaunti nne na kubakiza moja yenye mkeka ambao mechi zake bado hazijachezwa, eti asubiri matokeo. Ukitiki, ameanza upya. Ushindi baada ya kuacha huwarudisha watu haraka kuliko hasara.

Simu ikishafungwa, bado kuna vibanda vya kubeti na madubwi, zile mashine za kamari, yanayomeza sarafu za mia mbili. Badilisha njia ya kurudi nyumbani. Tembea na nauli kamili na hela ya chakula cha mchana, basi.

Sasa madeni. Nunua daftari la kawaida, kurasa 40, upige mistari: jina la anayekudai, kiasi, riba, tarehe, na kitatokea nini ukichelewa. Andika yote kwa kikao kimoja, pamoja na hela ya kikoba na ya shemeji. Mtu huficha deni moja, lile la aibu zaidi, na hilohilo ndilo humrudisha kubeti ili alilipe kimyakimya. Tuseme mshahara ni 600,000. Kodi 100,000, chakula 180,000, nauli 60,000, ada na umeme 80,000. Inabaki 180,000. Tenga 30,000 ya dharura, na 150,000 iende kwenye madeni. Deni la 1,350,000 linaisha kwa miezi 9, kama riba imesimama. Kwa hiyo anza na mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, na ile ya programu za simu, na wale wasiotoza riba uwafuate mapema na ahadi ya kiasi kidogo unachokimudu kweli. Miezi 9 inaonekana mirefu ukiitazama usiku huu. Naomba uitazame hivyohivyo.

Kwa ndugu: msilipe deni lote kwa mkupuo. Najua mnafanya kwa upendo, tena mbele ya wadai waliosimama mlangoni ni vigumu kujizuia. Lakini mtu akifutiwa madeni usiku mmoja huku njia zote za hela ziko wazi, anabaki na hamu ileile na uwezo mpya wa kukopa. Kama mnasaidia, mlipeni mdai mwenyewe, baada ya daftari kukamilika. Hela isipite mkononi mwake.

Tiba ipo. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ina idara ya afya ya akili, na Dodoma ipo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Kwa walio Nairobi, ipo Hospitali ya Mathari. Ukifika sema wazi, "Nina tatizo la kubeti," usiseme una mawazo tu. Tiba ya mazungumzo humfundisha mtu kutambua kinachoamsha hamu na kuzipinga imani kama "leo zamu yangu." Gamblers Anonymous, kikundi cha waraibu wanaosaidiana kilichoanza Los Angeles 1957, kina mikutano ya mtandaoni pia. Wiki za mwanzo tegemea kukosa usingizi na hasira za karibu. Hizo hupungua.

Na kama ndugu yako anayebeti anasema bora asingekuwepo, au anagawa vitu vyake na kuaga kwa namna isiyoeleweka, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali usiku huohuo. Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure.

Ukiteleza, mweleze mtu wako wa kuaminika kabla ya dau la pili. Kaeni mtafute hela ilipitia wapi. Mara nyingi ni laini mpya, au chenji ya hela uliyotumwa nayo. Zibeni hapo, na daftari liendelee kwenye ukurasa uleule.

Jumanne kuna mechi za Ulaya, zinachezwa usiku. Saa mbili simu iende chumba kingine kuchajiwa, na mtu wako wa kuaminika ajue kwamba utampigia saa nne kamili kwa simu ya mwingine wa nyumbani kwako, si yako.